Kosa Lililokuja Kila Jumatatu

Walimu wenzangu mnaojiandaa kwenda mashuleni, makala haya yanahusu gari lililoharibika. Nawaomba radhi wale waliotazamia somo la mbinu za kufundisha, lakini wavute subira, kwani njia iliyotuwezesha kulitengeneza gari lile ndiyo ileile anayoihitaji mwalimu kila anaposhika kalamu nyekundu. Nilikuwa nimeifundisha njia hiyo kwa miaka kadhaa kabla ya kuielewa. Niliielewa baada ya kumwadhibu mtoto asiye na kosa.

Familia yetu ina gari dogo la zamani. Chuo chetu kiko katika Nyanda za Juu za Kusini, na gari hilo ndilo linalonifikisha kwenye shule za mazoezi na ndilo linalompeleka mke wangu na watoto hospitali inapobidi. Mwaka mmoja, mwezi wa Juni, lilianza kukataa kuwaka. Laiti lingekataa kila siku, tungeijua shida yake mapema. Lakini Jumanne liliwaka, Jumatano liliwaka, hadi Ijumaa. Jumatatu alfajiri nikigeuza ufunguo, stata ilitoa mlio mkavu mara moja, taa za dashibodi zikafifia, kisha kimya. Wanachuo walilisukuma hadi kwenye mteremko, injini ikashika, na wiki nzima likaenda kana kwamba halijapata kuugua. Jumatatu moja mtoto wetu mdogo alikuwa na homa kali, na mama yake alimbeba mgongoni huku gari likisukumwa gizani. Siku hiyo niliacha kulicheka jambo hili.

Kila aliyeliona gari alikuwa na jibu tayari. Wa kwanza alisema ni baridi ya Juni na Julai. Jibu hilo halikuwa la kijinga, kwani ni kweli kwamba baridi huipunguzia betri nguvu. Wa pili alisema betri imechoka. Nikanunua mpya, kwa fedha tulizokuwa tumeweka kwa ajili ya sare za shule. Jumatatu mbili liliwaka, nasi tukashangilia. Ya tatu likanyamaza. Wa tatu alisema altaneta haichaji. Ikafunguliwa, ikasafishwa, ikarudishwa. Injini ikiwa inanguruma kipimo kilionyesha volti 14, yaani ilikuwa ikichaji sawasawa tangu mwanzo. Oktoba ikafika, baridi ikaondoka, ila ugonjwa haukuondoka.

Ndipo nikamtafuta mkosaji nyumbani. Mwanangu wa kiume, aliyekuwa na umri wa miaka kumi, ndiye aliyeliosha gari kila Jumamosi, na alipenda kukaa nyuma ya usukani akijifanya dereva. Nikajiambia kwamba bila shaka huchezea swichi na kuacha kitu kikiwaka. Nilimwuliza, akakana. Nilimchapa, akalia na kuendelea kukana. Nikampiga marufuku kulisogelea gari. Jumatatu iliyofuata gari halikuwaka. Mtu mwenye akili iliyotulia angesema, "Mtoto hakuligusa, na kosa limetokea, basi si yeye." Mimi nilisema ameligusa kwa siri, nikamwadhibu mara ya pili.

Baadaye nilielekezwa kwa mzee mmoja, fundi wa umeme wa magari. Alikuja kwangu Jumamosi moja akiwa na mfuko mdogo wa vifaa. Wenzake wote walikuwa wameniuliza gari linaharibika lini. Yeye aliniuliza kinyume chake: "Mwalimu, ni Jumatatu gani ambayo halikuharibika?"

Sikuwa nimelifikiria hilo. Nilikumbuka moja. Tulikuwa tumekwenda Jumapili kumwona bibi yao kijijini, tukarudi jioni, na kesho yake gari likawaka mara moja. Mzee akatikisa kichwa kukubali. "Basi adui yako si Jumatatu," akasema. "Adui yako ni kusimama. Likikaa muda mrefu bila kwenda, kuna kitu kinakunywa umeme polepole."

Alizima kila kitu, akafunga milango yote, akaondoa waya kwenye kichwa hasi cha betri, akaunganisha ammita kati ya waya na kichwa hicho. Alinionya nisithubutu kuwasha gari wakati huo, kwa sababu stata huvuta umeme mwingi mno, na ammita ingeungua. Katika gari lililozimwa, sindano ilitakiwa kulala karibu na sufuri. Ilisimama kwenye ampea 0.4. Mzee akaanza kuchomoa fyuzi, moja baada ya nyingine, na kila aliyoichomoa aliirudisha kabla ya kugusa nyingine. Ya kwanza, sindano haikutikisika. Ya pili, vivyo hivyo. Alipochomoa ya tano, sindano ilianguka. Fyuzi hiyo ilikuwa ya taa za ndani na taa ya buti.

Taa za ndani tuliziona kupitia kioo, zilikuwa zimezimika. Mzee akairudisha fyuzi, akafunga waya wa betri, akatuacha tunywe chai kwa nusu saa. Kisha akamwita mwanangu, ambaye alikuwa amesimama mbali, penye mwembe, kwa kuwa nilimkataza kusogea. "Kijana, nitafungua buti. Mara nikifungua, iguse globu kwa ncha ya kidole." Mtoto akanitazama kwanza. Nikamkubalia kwa kichwa. Buti likafunguliwa, akagusa, akaurudisha mkono upesi.

"Ya moto, Baba."

Swichi ndogo inayozima taa buti linapofungwa ilikuwa imeshika kutu na kukwama. Taa iliwaka usiku na mchana ndani ya buti lililofungwa, pasipoweza kuonekana. Nasi kila tulipofungua buti tuliiona ikiwaka na kufurahi kwamba angalau taa hiyo ni nzima.

Hesabu yake ni nyepesi, nanyi mwaweza kuwapa wanafunzi wa madarasa ya juu. Globu ya wati 5 kwenye volti 12 huvuta takriban ampea 0.4. Usiku mmoja wa saa 12 hupoteza karibu ampea-saa 5, na mwendo wa kesho yake huzirudisha. Tangu Ijumaa jioni hadi Jumatatu alfajiri ni saa 60, yaani ampea-saa 24. Betri yetu ilikuwa ya ampea-saa 35. Ilipokuwa mpya kabisa iliweza kuvumilia, ila betri ya gari inayokaushwa hivyo mara kwa mara hudhoofika upesi. Basi Jumatatu haikuwa na uchawi wowote.

Jioni ile nilimwita mwanangu, nikamwomba radhi mbele ya mama yake. Aliniuliza swali moja tu: "Kwa hiyo kesho naweza kuliosha?" Nilitamani angenilaumu.

Wiki mbili baadaye nilikuwa katika shule ya mazoezi, nimeketi nyuma ya Darasa la Tatu. Mwalimu mwanafunzi, kijana mwenye bidii, alinionyesha daftari la msichana mmoja. "Huyu hajali," alisema. "Akitaka anapata, asipotaka anakosa." Nikatazama:

48 − 23 = 25
52 − 27 = 35
76 − 31 = 45
61 − 38 = 37

Mbili sahihi, mbili makosa. Gari langu tena! Nilimwuliza kijana swali la mzee: ni lini hakosi? Tukaona kwamba hakosi pale ambapo tarakimu ya juu ni kubwa kuliko ya chini. Pale ambapo ya juu ni ndogo, yeye hugeuza na kutoa ndogo kutoka kubwa: katika 52 − 27, badala ya 2 kutoa 7, amefanya 7 kutoa 2, akapata 5. Msichana huyu alijali sana. Alifuata kanuni yake kwa uaminifu kila mara, nayo kanuni ilikuwa mbovu.

Kabla ya kumsahihisha nilimwambia mwalimu kijana, "Tumpe 90 − 46. Kama tumepata fyuzi yenyewe, ataandika 56." Akaandika 56. Hapo ndipo tulipochukua vijiti na kuvifunga makumi makumi, ili aone kwa mikono yake kwamba kumi moja hufunguliwa na kuwa mamoja kumi kabla ya kutoa.

Ndugu zangu, makosa ya mwanafunzi yanayokuja na kuondoka ndiyo yanayotuudhi zaidi, nasi huyaita uzembe kwa sababu jana alipata. Lakini kosa linalokuja na kuondoka lina kanuni yake, na mara nyingi kanuni hiyo hujificha katika majibu yaliyo sahihi, ambayo sisi huyawekea alama ya vema na kuyapita. Yatazameni hayo pia. Badilisheni jambo moja kwa wakati mmoja. Tabirini kosa kabla ya kutoa swali, na utabiri ukishindwa, anzeni upya. Na mpaka mtakapokuwa mmeshika globu na kuikuta ya moto, fimbo ikae mahali pake.

Mwanangu bado anaosha gari kila Jumamosi. Akimaliza, hufungua buti na kugusa ile globu. Sijapata kumwambia aache.