Ukame Ukutani

Wiki chache kabla ya Pasaka, masoko ya Göteborg, Uswidi, hujaa vifungu vya matawi ya mti wenye gome jeupe, ambao Waswidi huuita björk. Matawi yenyewe hayana hata jani moja. Muuzaji ameyafungia manyoya ya kuku yaliyotiwa rangi za manjano, zambarau na kijani, na watu wanapanga foleni kuyanunua. Nyumbani huyatia kwenye chupa ya maji, na kwa kuwa ndani kuna joto, baada ya siku kadhaa yanachipua majani machanga. Matawi hayo huitwa påskris. Asili yake ni kiboko: hapo kale, siku ya Ijumaa Kuu, watu walichapana kwa vijiti hivyo kukumbuka mateso ya Yesu. Siku hizi kiboko kimekuwa pambo.

Mtu aliyekulia Mackinnon Road, Kenya, hashindwi kushangaa. Kwetu tawi kavu ni kuni. Tawi bichi likikatwa, aghalabu mwisho wake ni kwenye magunia ya makaa yaliyopangwa kando ya barabara kuu, yakiwangoja madereva wa malori ya Nairobi. Kutoa pesa ununue kuni, kisha usizipikie?

Lakini kaa huku Desemba moja, uone jua likichomoza karibu saa tatu asubuhi na kuzama saa tisa na nusu alasiri, utaelewa. Mtu aliyefungiwa gizani miezi ya namna hiyo akiona kitu kinachipua hukikumbatia. Mimi mwenyewe nimeambukizwa. Ila sinunui, natengeneza.

Pambo la mwaka huu halikunigharimu kitu isipokuwa uzi wa katani. Nilitafuta fimbo kavu ya urefu wa mkono wangu, nikaininginizia nyuzi zisizolingana, na kila uzi nikaufunga koni ya msonobari au kipande cha gome jeupe nilichokiokota. Koni nilizitia kwanza kwenye ovena, nyuzijoto mia, nusu saa hivi. Moto huo huua wadudu waliojificha ndani, tena hufungua magamba, ile koni iliyofumba ikawa ua la mti. Kando yake nimebandika majani ya mwaloni ya tangu vuli iliyopita, yaliyokaushwa katikati ya kamusi nene, juu ya kipande cha boksi. Gundi ni unga wa ngano: kijiko kimoja, maji nusu kikombe, unakoroga juu ya moto mdogo mpaka weupe upungue na mwiko uanze kuwa mzito. Kutundika ndiko kulikonitoa jasho, maana ukuta wa zege haukubali msumari na mwenye nyumba hataki kusikia habari za tundu. Kwetu kwenye ukuta wa udongo msumari unaingia kwa kidole, bora tu uupate ufito. Ukiukosa utang'oka na donge lake.

Nasema niliokota, na kuokota kuna sheria. Uswidi ina haki ya kila mtu kutembea porini hata kwenye ardhi ya mwingine, na tangu 1994 imo kwenye katiba yao. Koni na vijiti vikavu vilivyoanguka ni vyako. Kuvunja tawi au kubandua gome la mti ulio hai ni kosa. Wenzangu wa kutoka Pwani husifu sana jambo hili, kana kwamba limegunduliwa Ulaya. Nenda Kaya Kinondo, msitu mtakatifu kule Diani. Unafungwa kaniki kiunoni, unaingia na mwenyeji wako, na hutoki na kitu, hata kijiti kilichoanguka. Kaya ile na Kaya Mtswakara ya kwetu Waduruma zimo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2008, lakini miiko yake ni ya kale kuliko UNESCO yenyewe.

Basi nikampigia mama simu ya video, nikamwonyesha. Akatazama kwa muda.

"Mwanangu, huko mmekosa maua?"

"Haya ndiyo maua ya huku, mama."

"Huu ni ukame. Sisi ndio kwanza tumeutoka, wewe unautundika ukutani."

Sikuwa na jibu. Kuanzia mwishoni mwa 2020 mvua zilikosekana misimu mitano mfululizo. Kinango yote ya kwetu ilinuka mizoga ya ng'ombe, na miti yote ya nyika ya Taru ilifanana na hilo pambo langu. Masika yakija kweli, nyika hubadilika ndani ya siku chache, kijani mpaka macho yanauma, lakini hakuna anayekata majani kupamba sebule wakati mbuzi wanayangoja. Sebule ya mama ina kalenda ya duka, picha ya mahafali ya mdogo wangu, na maua ya plastiki ambayo vumbi la malori limeshayabadilisha rangi. Maua yale siyapendi, naomba radhi. Ila namwelewa: hayanyauki. Na kama ni kuleta miti ndani, nyumba ya kwanza aliyotulelea ilikuwa miti mitupu, fito na udongo, mchwa wakila nasi. Hamu ya tawi ukutani humpata mtu ambaye maji hayajamkatikia bombani.

Kuna pambo moja tu tunalokubaliana, nalo ni ukili. Miyaa huchanwa chane nyembamba, nyingine huchemshwa kwenye rangi, kisha husukwa utepe mrefu ambao baadaye hushonwa ubavu kwa ubavu ukawa mkeka. Utepe mmoja, wenye wekundu na zambarau, umening'inia juu ya meza yangu tangu safari yangu ya mwisho ya nyumbani. Mama anasema angalau huo una kazi, siku nikichoka nao utashonwa mkeka.

Kwa hiyo ewe unayepanga kurudi huku kutoka likizoni Diani au Msambweni, ukitaka kitu cha ukutani, yaache makombe na matumbawe baharini. Nyoya la ndege wa porini na mwiba wa nungu pia viache. Chini ya sheria ya wanyamapori ya Kenya ya 2013 hizo ni nyara, na kukutwa nazo bila kibali ni kesi. Mbegu na mimea nayo Ulaya itakudai cheti. Nunua ukili au mkeka kwa mama aliyeusuka mwenyewe, na bei atakayotaja usiipunguze.