Kisiwa Kisicho na Bahari

Sisi tuliozaliwa Unguja hudhani kisiwa ni ardhi iliyozungukwa na maji ya chumvi. Nilifundishwa vingine Masoko, wilayani Rungwe, kando ya lile ziwa la duara lililojaa katika kinywa cha volkano ya kale. Jioni moja mzee wa Kinyakyusa aliyenikaribisha aliunyoshea mkono Mlima Rungwe, akasema: "Kule yuko kipunji."

Kipunji ni kima wa manyoya ya kahawia na kishungi kirefu utosini. Wawindaji wa huko walimjua tangu zamani. Wataalamu walimwona mwaka 2003, na mwaka 2006 wakamtengea jenasi yake peke yake. Makazi yake ni misitu ya Rungwe na Kitulo, na ule wa Ndundulu, Udzungwa. Hesabu iliyotangazwa mwaka 2008 ilipata 1,117 tu. Mkaa, mbao na mitego ndivyo vilivyomfikisha hapo. Kitulo ikawa Hifadhi ya Taifa mwaka 2005, Rungwe ikahifadhiwa mwaka 2009, na hesabu ya baadaye imeonyesha kuwa wameongezeka.

"Marehemu baba aliwategea mahindini," mzee alisema. "Hatukujua kuwa ni wachache. Na nyinyi, mwanangu, kwenu mna mnyama asiyepatikana pengine?"

Nikamtaja kima punju wa Jozani.

"Mwingine?"

"Chui," nikasema, kisha ulimi ukawa mzito.

Chui wa Unguja alikuwa mdogo kuliko wa bara. Alisingiziwa kuwa mtumwa wa wachawi, akasakwa, hasa baada ya Mapinduzi ya 1964. Leo wengi humhesabu kuwa ametoweka. Babu yangu alikuwa miongoni mwa wasakaji. Utotoni nikiikalia ile ngozi nilijiona mjukuu wa shujaa.

"Basi nanyi hamkujua," mzee akanifariji.

Sikumjibu. Babu alijua. Alikuwa akijisifu kwamba chui wake ndiye aliyekuwa wa mwisho kijijini.

Kesho yake tulipanda kuelekea Rungwe. Ukungu ulipoondoka niliuona msitu umezingirwa na migomba, chai na viazi, wala hapakuwa na njia ya kutokea. Kipunji naye ni mtu wa kisiwani. Tofauti ni kwamba wenyeji wake wamewahi kuhesabu kabla ya kufika wa mwisho.