Ngozi, Chuma na Plastiki Kiunoni

Kwa fundi wa ngozi, bastola haipimwi kwanza kwa idadi ya risasi wala kwa jina lililochongwa ubavuni. Inapimwa kwa unene. Fundi anayesimuliwa hapa, ambaye ndiye huyu anayeandika, alizaliwa Kifanya, kusini mwa mji wa Njombe, na maisha yake ya kazi ameyamalizia Makambako akishona viatu, mikanda na ala za bastola za raia wenye vibali. Viatu ndivyo vilivyomlisha. Ala ndizo zilizomfanya akeshe akifikiri.

Makambako ni njia panda. Reli ya TAZARA inapita hapo, barabara kuu ya kwenda Zambia inapita, na ile ya Njombe na Songea inachepukia hapo. Mbao za misonobari, nguzo za umeme, viazi na mahindi hupakiwa mchana na usiku, na zamani malipo yote yalikuwa ya noti mkononi. Mfanyabiashara aliyeuza shehena ya mbao ilimbidi atembee na fedha zake mpaka benki ifunguliwe. Hao ndio waliokuwa wateja wa ala: watu wazima, wengi wao wapole, wasiotaka jirani ajue kwamba chini ya koti kuna silaha.

Ngozi yenyewe haikuwa ngeni kwao. Kule Kibena, nje kidogo ya mji wa Njombe, kampuni ya TANWAT ilianzishwa mwaka 1949 kwa ajili ya miwati, miti ambayo magome yake hutoa dawa ya kusindikia ngozi. Watoto wa Njombe wamekua wakiiona miwati imesimama safu kwa safu, na wengi hawajui kwamba magome hayo ndiyo yanayoipa ngozi ya mkanda rangi yake ya kahawia na ugumu wake. Ngozi iliyotengenezwa kwa dawa ya magome ina tabia moja ambayo fundi wa ala hawezi kuishi bila hiyo: ukiilowesha katika maji ya uvuguvugu inakuwa tepetepe na kukubali umbo lolote, na ikikauka inabaki na umbo hilo. Ngozi ya kromu, ile laini ya juu ya viatu, haifanyi hivyo. Hunyumbuka, hulegea, na kwenye ala ulegevu ni hatari, kama itakavyoonekana.

Utaratibu dukani haukubadilika miaka yote. Mteja anaingia, anasalimu, “Kamwene, fundi,” anajibiwa, anaonyesha kibali chake, kisha anaitoa magazini mwenyewe na kukagua chemba mwenyewe huku fundi akitazama. Bastola hailali dukani hata usiku mmoja. Vipimo huchukuliwa mbele ya mwenye mali: urefu, kimo, unene wa silaidi (ile sehemu ya juu inayoteleza), unene wa mpini, na mahali triga inapoanzia. Baada ya hapo mteja huondoka na silaha yake, na fundi huchonga kipande cha mti kwa vipimo hivyo ili ngozi iliyoloweshwa ikaukie juu yake. Mti wa mwati unafaa kuliko msonobari, kwa sababu msonobari hupasuka kwenye sehemu nyembamba. Kila kipande kilipakwa rangi nyeupe na kukatwa ncha ya mtutu kazi ilipokwisha, maana bastola ya bandia mikononi mwa mhuni ni msiba kama ya kweli.

Bastola za mwanzo kupimwa zilikuwa za chuma tupu. Makarov ya Kirusi ilionekana mara kwa mara, na ile ya Kichina inayofanana nayo. Ni fupi, kama sentimita 16, inabeba risasi 8, lakini ina gramu 730 bila risasi. Browning Hi-Power ndiyo iliyompendeza fundi kupita zote. John Browning aliianza, akafariki mwaka 1926 kabla haijakamilika, na Mbelgiji Dieudonné Saive akaimalizia hadi ikatoka mwaka 1935. Kuishika ni raha: mdomo wa silaidi umepunguzwa pande zote mbili, mgongo umepindwa kufuata kiganja, na pamoja na kubeba risasi 13 haitunishi sana nguo. Na CZ 75 ya Czechoslovakia, inayojulikana sana kwa majirani wa Kenya kwa jina la Ceska, ina ufundi ambao mtu wa ngozi huuona mara moja. Silaidi yake hutembea ndani ya fremu, si nje, kwa hiyo ukiitazama kutoka juu inaonekana nyembamba. Uzito wake ni takriban kilo moja, lakini inalala ubavuni vizuri.

Kisha zikaja za plastiki.

Wajerumani wa Heckler & Koch walikuwa wametangulia na VP70 mwaka 1970, ila iliyobadilisha dunia ni Glock 17. Gaston Glock wa Austria hakuwa mtengeneza bastola. Kiwanda chake kilitengeneza vitu vya plastiki na chuma, vikiwemo visu vya jeshi. Jeshi la Austria liliikubali bastola yake mwanzoni mwa miaka ya 1980. Fremu ni ya polima, silaidi na mtutu ni chuma. Ina gramu 625 hivi bila magazini na hubeba risasi 17. Linganisha na Makarov: ni ndefu zaidi kwa zaidi ya sentimita nne, inabeba zaidi ya mara mbili, lakini zote zikiwa hazina risasi si nzito kuliko hiyo.

Mteja wa kwanza kuileta dukani, mzee mmoja wa mbao, aliiweka juu ya meza kwa furaha. “Fundi, hii ni karatasi. Nishonee ala nyembamba, nisiisikie kabisa.” Fundi akaipima. Silaidi ilikuwa na milimita 25 na nusu, wakati bastola nyingi za chuma alizokuwa amezizoea zilikuwa chini ya hapo. Na haikuwa unene tu. Silaidi ya Glock ni ya mraba, kama imekatwa kutoka kwenye nondo ya pembe nne na kuachwa hivyo. Browning inaingia kwenye ngozi kama mguu kwenye kiatu cha saizi yake. Hii inaingia na kona zake zote nne, na kila kona inaivuta ngozi, inaipunguza unene, na inakula uzi wa mshono. Ilibidi mshono usogezwe mbali na silaidi, ngozi ya pili iongezwe ndani, na ala ikaishia kuwa nene kuliko ya Browning. Mzee alipewa maelezo hayo huku vipimo vikiwa mbele yake, akaelewa.

Na huo wepesi nao una mpaka. Magazini ikijaa risasi 17, Glock hiyo hufika gramu 900 hivi. Isitoshe, fremu ikiwa ya plastiki, chuma chote kiko juu, kwenye silaidi. Magazini ikitolewa, kichwa ndicho kizito, na mkanda laini unapinduka kuelekea nje. Bastola ya chuma ina uzito mpaka kwenye mpini, hivyo hutulia. Wateja waliokuwa wakilalamikia kiuno hawakuhitaji bastola nyingine. Walihitaji mkanda mpana, wa ngozi mbili zilizogundishwa na kushonwa.

Jambo lililomhangaisha fundi zaidi liko kwenye triga. Makarov, Browning na CZ 75 ya kawaida zina kitasa cha usalama pembeni, cha kubonyezwa kwa kidole gumba. Glock haina. Usalama wake wa nje ni kilimi kidogo kilicho kwenye triga yenyewe: bila kukibonyeza triga hairudi. Sasa fikiria ala ya ngozi laini iliyozeeka, mdomo wake umejikunja kwa ndani. Mtu anarudisha bastola kiunoni kwa haraka, ule mkunjo unaingia kwenye triga na kufanya kazi ya kidole. Bastola inalia, na risasi inashuka pajani. Kwa ajili hiyo fundi alikataa kabisa kushona ala ya Glock kwa ngozi ya kromu, hata kwa mteja aliyeleta ngozi yake na kuongeza bei. Mdomo wa ala uliwekewa ukingo wa pili, mgumu, usiokunjika, na triga yote ikafunikwa.

Umbo kubwa halisumbui kila mahali sawasawa. Njombe mwezi Juni na Julai ni baridi ya kuganda umande, na Makambako ina upepo wa mwaka mzima. Watu huvaa makoti mazito, na chini ya koti hata CZ haionekani. Mfanyabiashara huyohuyo akishuka Dar es Salaam na shati la mikono mifupi, Glock ya mraba inatuna waziwazi. Kwa wateja wa namna hiyo fundi alishona ala ya kuinamia mbele kidogo, mpini ubane kwenye mbavu, maana kinachojichora kwenye shati ni mpini zaidi kuliko mtutu.

Wapo waliosadiki kwamba bastola ya plastiki haionwi na mashine za uwanja wa ndege. Uvumi huo ulianzia Marekani miaka ya 1980, na hauna ukweli: sehemu kubwa ya uzito wa Glock ni chuma, na hata risasi zenyewe ni za metali. Mteja aliyetaka kusafiri kupitia uwanja wa ndege wa Songwe aliambiwa aende kwanza polisi akaulize utaratibu.

Majeshi yamekwisha kuamua. Uingereza iliiacha Browning mwaka 2013 na kununua zaidi ya Glock 25,000. Marekani ikaiacha Beretta mwaka 2017 na kuchukua bastola ya SIG yenye fremu ya polima. Kwa askari uamuzi huo una maana: nyepesi, risasi nyingi, fremu isiyoshika kutu. Raia wa Makambako anayeivaa kutwa na huenda asiitoe kamwe ana hesabu nyingine, na fundi bado anaamini kwamba anapaswa kuuliza unene kabla ya kuuliza uzito.

Mwaka 2016 polisi walipohakiki silaha za raia, duka lilijaa watu wenye ala zilizochakaa. Tangu hapo kazi imepungua, na sababu kubwa ni simu: malipo ya mbao sasa hupita M-Pesa, na anayebeba noti ni mchache. Wanaokuja huleta bastola ndogo za plastiki, nyembamba, za safu moja ya risasi, kama Glock 43 iliyotoka mwaka 2015. Hizo hazihitaji ngozi ya pili kwenye kona. Ukingo mgumu kwenye triga unabaki palepale, na kijana anayejifunza kazi dukani haruhusiwi kuanza kukata ngozi kabla hajauchora.