Daktari Aliyetaka Kutengeneza Masikio

Colin Clark alikuwa na duka la dawa katika mji wa Camden, nchini Australia. Masikio yake yalikuwa mazito. Mteja mwenye shida ya aibu alisema kwa sauti ndogo ili wengine wasisikie. Colin naye hakusikia. Ikabidi mteja apaze sauti, na duka zima likajua.

Mtoto wake Graeme, aliyezaliwa mwaka 1935, aliyaona hayo. Tangu utoto alisema kwamba akikua atatengeneza masikio.

Mimi ni muuguzi wa zahanati ya kijiji. Habari za daktari huyu nimezisoma mara nyingi, labda kwa sababu ya baba yangu. Baba alikuwa fundi cherehani, naye masikio yake yalikuwa mazito. Mtu akitaja kiuno cha inchi 30, baba alishona inchi 38. Watu walicheka, na baba alicheka pamoja nao. Lakini jioni alikaa kimya. Mimi sikukipenda kicheko kile.

Graeme Clark alisoma udaktari, akawa bingwa wa kupasua masikio mjini Melbourne. Kazi ilikuwa nzuri. Mwaka 1966 alisoma maandishi ya daktari mmoja wa Marekani. Daktari huyo alipitisha umeme kidogo katika sikio la kiziwi. Kiziwi alisikia sauti, lakini maneno hakuyaelewa. Basi Graeme aliacha kazi yake, akarudi chuo kikuu kusoma upya. Wakati huo alikuwa na mke na watoto.

Ndugu msomaji, nieleze kidogo jinsi tunavyosikia. Sauti hugonga ngozi nyembamba inayoitwa ngoma ya sikio. Nyuma ya ngoma kuna vifupa vitatu vidogo sana. Vifupa hutikisika. Mtikisiko huingia ndani zaidi, mahali palipojiviringa kama nyumba ya konokono. Humo mna vinyweleo vidogo mno, havionekani kwa macho. Vinyweleo hivyo hupeleka habari kwenye mshipa wa fahamu, na mshipa huzipeleka kwenye ubongo. Surua, homa ya uti wa mgongo au kelele kubwa za mashine huweza kuviua. Vikifa, havioti tena.

Graeme aliwaza hivi: vinyweleo vimekufa, lakini mara nyingi mshipa bado ni mzima. Kwa nini waya mwembamba wenye umeme usifanye kazi ya vinyweleo? Wataalamu wengi walisema haiwezekani. Fedha za utafiti zilikuwa haba, ikambidi aombe michango.

Shida nyingine ilikuwa waya wenyewe. Utapitaje katika mizunguko ile bila kuumiza sikio? Mwaka 1977 alikuwa pwani, mapumzikoni. Aliokota kombe la konokono wa baharini, akasukuma majani ndani yake. Jani lililokuwa laini kwenye ncha na gumu kwenye shina liliingia vizuri, likafuata mizunguko. Watoto wetu huchezea vitu kama hivyo kila siku.

Tarehe 1 Agosti 1978 alimpasua mtu aliyepoteza usikivu katika ajali ya gari, akamwekea waya na kifaa chake. Walipokijaribu mara ya kwanza, mgonjwa hakusikia kitu. Kumbe mashine ya kupimia ilikuwa na hitilafu. Ikatengenezwa. Walipompigia wimbo wa taifa, alisimama wima! Baadaye alianza kutambua maneno bila kutazama midomo ya msemaji. Siku hiyo daktari aliingia chumba cha pili akalia kwa furaha.

Mwaka 1990 Marekani iliruhusu kifaa hicho kwa watoto kuanzia miaka 2. Hapa kwetu, Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza upasuaji huo mwaka 2017. Kabla ya hapo watoto walipelekwa nje ya nchi.

Kifaa hiki ni ghali, wala hakimfai kila kiziwi. Wapo viziwi wengi wanaozungumza kwa lugha ya alama. Wanasoma, wanalima, wanalea watoto. Nayasema haya kwa sababu bado nasikia watu wakimwita kiziwi mjinga.

Tena masikio mengi ninayoyaona mimi hayahitaji waya. Yanatoa usaha. Wazazi hudhani usaha wa sikio ni jambo la kawaida la utoto, utaisha wenyewe. Wengine hutia mafuta au maji ya majani. Usaha ukikaa muda mrefu hutoboa ngoma ya sikio, na mtoto huanza kusikia kwa shida.

Hivi karibuni mama mmoja alimleta mtoto wa miaka 7. Kijijini walimwita mkaidi, eti akiitwa haitiki. Masikio yake yote mawili yalitoa usaha tangu alipokuwa na miaka 2. Tuliyakausha kwa pamba safi, tukampa dawa ya matone. Nilimfundisha mama kuyakausha kila siku nyumbani. Sasa sikio la kulia limekauka. La kushoto bado. Jumatatu watakwenda hospitali ya wilaya, ili ijulikane mtoto anasikia kiasi gani.