Malindi na Ngome ya Mombasa

Katika rasi ya Malindi upo mnara mweupe unaoelekea baharini, na juu yake msalaba wa mawe yaliyotoka Ureno. Wageni wengi huutazama mnara huo wa Vasco da Gama kwa dakika chache, kisha hurudi mjini. Lakini atakaye kuifahamu vema Ngome ya Yesu iliyoko Mombasa, yapata kilometa 120 upande wa kusini, hana budi kuanza safari yake hapa. Ngome ile imesimama katika ardhi ya Mombasa, lakini habari zake zimeanzia Malindi.

Mwezi wa Aprili, 1498, Vasco da Gama alitoka Mombasa ambako hakuaminiwa, akatia nanga Malindi. Mfalme wa Malindi alikuwa na uadui wa siku nyingi na Mombasa. Alimkaribisha mgeni kwa heshima, akampa vyakula, na pia rubani wa kumfikisha India. Urafiki huo ulidumu karibu miaka mia, na katika miaka hiyo Wareno waliipiga Mombasa mwaka wa 1505, mwaka wa 1528 na mwaka wa 1589. Wahenga walisema vita vya panzi ni furaha ya kunguru, na kunguru huyu alikuja kwa merikebu.

Njia iendayo kusini hupita Gede, mji wa mawe uliozungukwa na ukuta, ambao sasa umo ndani ya msitu. Halafu msafiri hufika Kilifi, ambako zamani watu walivuka hori kwa kivuko, mpaka daraja lilipofunguliwa mwaka wa 1991. Ng'ambo ya hori, juu ya jabali, yako magofu ya misikiti ya Mnarani. Mbele kidogo iko Takaungu, walikohamia baadhi ya Wamazrui walipoipoteza ngome mwaka wa 1837.

Ngome yenyewe ilianza kujengwa mwaka wa 1593 kwa ramani ya Giovanni Battista Cairati, mtu wa Milan. Ilijengwa juu ya mwamba wa matumbawe mlangoni mwa bandari, na upande wa nchi kavu likachimbwa handaki katika mwamba huo huo. Wakati ule ule Wareno walimhamisha mtawala wa Malindi wakampa kiti cha Mombasa. Hivyo aliupata mji wa adui zake, lakini mizinga iliyoulinda haikuwa yake.

Haukupita muda mrefu, ugomvi ukaingia. Sultani Hasan bin Ahmad alikosana na kapiteni wa ngome, akakimbilia bara mwaka wa 1614. Huko aliuawa, na kichwa chake kikapelekwa Goa. Mwanawe Yusuf, aliyekuwa mtoto mdogo, alichukuliwa naye Goa, akalelewa na mapadre, akabatizwa jina la Jerónimo. Alipokuwa mtu mzima alirudishwa kutawala. Wareno walidhani wamejipatia mtu wao. Kumbe kijana hakusahau kilichompata babaye. Mwezi wa Agosti, 1631, aliingia ngomeni na watu wake, akamwua kapiteni, na karibu Wareno wote wa Mombasa wakauawa. Mwaka uliofuata alikihimili kikosi kilichotoka Goa kumwadhibu, kisha akaondoka kwa merikebu, asitawale tena. Wareno waliirudia ngome. Juu ya lango mgeni huliona jiwe la maandishi la mwaka wa 1635, lisifulo jinsi walivyoitiisha pwani baada ya maasi hayo.

Ndani ya kuta mgeni huonyeshwa mizinga, visima na mabaki ya kanisa. Neno gereza lenyewe husemwa kuwa limetokana na neno la Kireno la kanisa. Hapo ndipo Waomani walipowazingira Wareno tangu Machi, 1696, hata Desemba, 1698, maradhi yakaua wengi kuliko risasi. Baadaye ngome ilikuwa makao ya maliwali, na tangu mwaka wa 1895 ikawa gereza kweli kweli, mpaka mwaka wa 1958. Ilifunguliwa kuwa makumbusho mwaka wa 1960, na mwaka wa 2011 ikaandikwa katika Urithi wa Dunia.

Na Malindi je? Baada ya mtawala wake kuhama, mji ulififia hata ukawa magofu, usiinuke tena mpaka karne ya 19, chini ya Masultani wa Unguja. Mfalme aliyempokea Vasco da Gama alitafuta rafiki wa kumsaidia juu ya jirani yake, na rafiki akapatikana. Lakini kizazi chake kilikosa Mombasa, na Malindi pia. Mgeni akirudi jioni kwa njia ile ile na kuuona tena mnara mweupe wa rasini, huenda asiupite upesi kama alivyoupita asubuhi.