Kesi ya Arawelo

Kesi ya Arawelo niliisikia kabla sijajua kusoma. Ayeeyo, mama yake mama, aliisimulia jioni mbuzi wakishafungiwa zizini: malkia wa Wasomali wa zamani aliyewahasi wanaume na kuwakabidhi kazi za nyumbani, mpaka mjukuu aliyemhurumia na kumwacha hai akakua akamuua. Husemwa kwamba wanaume wakipita panapodhaniwa kuwa kaburi lake hutupa jiwe, na wanawake huweka tawi bichi. Nyumbani kwetu nako watu waligawanyika hivyo hivyo. Abti, mjomba wangu, alisema huyo alikuwa dhalimu, habari imekwisha. Ayeeyo akamuuliza: na kabla hajawa malkia, nyinyi wanaume mlikuwa mkimfanyia nini? Abti alikohoa na kuomba chai. Kesho yake ubishi ulianza upya, kwa maneno mengine, na mimi nikisikiliza nyuma ya pazia.

Kwetu ni Kotile, kusini mwa Kaunti ya Garissa, katika Ijara, upande wa mashariki wa Mto Tana, si mbali na hifadhi ya Ishaqbini wanakolindwa swala aina ya hirola. Sisi ni wafugaji. Ukingoni mwa mto wako wakulima Wapokomo, na migomba na miembe yao. Katikati ya mashamba hupita malka, njia za mifugo kushukia majini. Mvua zikinyesha vizuri hakuna anayezitaja malka. Ukame ukija, kila mzee anakumbuka malka fulani ilikuwa pana kiasi gani enzi za baba yake, na nani aliyelima ndani yake.

Shuleni nilikuta namna nyingine kabisa ya kuzungumzia wahusika. Tulisoma Utengano ya Said Ahmed Mohamed, riwaya ya 1980, lakini kwa kweli tulichosoma ni mwongozo wake. Maksuudi: mnafiki, katili, mzinzi. Bi Tamima, mkewe: mtiifu, mvumilivu. Maimuna, binti yao: mwasi. Kila sifa ilikuwa na mfano wake, na kila mfano alama yake. Migogoro nayo iliorodheshwa: Maksuudi na mkewe, Maksuudi na bintiye, Maksuudi na wananchi. Ukishataja majina mawili na kuweka neno "dhidi" katikati, umemaliza kazi.

Aliyetuamsha ni msichana wa dawati la mbele. Aliuliza: ikiwa Bi Tamima ni mtiifu, mbona alimkubali mkunga ambaye mumewe hakutaka aingie nyumbani? Mwalimu wetu, mtu wa bara aliyekuwa na subira ya ajabu, alifunga mwongozo wake. Akatuambia tusome upya sura ile yote, kwa sauti. Darasani mwetu wapo waliokuwa wameshuhudia dada au mama akijifungua mbali na hospitali, usiku, barabara ikiwa imefunikwa na maji. Walijua mwanamke aliyeshikwa na uchungu anaita yeyote aliye karibu. Anajua fika talaka inaweza kumfuata, na bado anaita. Neno "mtiifu" halikutosha tena.

Kutoka hapo tulikwenda kwa mkunga huyo, Bi Farashuu, na nadhani ndiye mhusika aliyenifanya nitake kuwa mwalimu. Anakuja kuzalisha, na mkono wake wa ukunga ni wa kweli. Lakini moyoni anabeba deni la binti yake, Mwanasururu, ambaye Maksuudi alimwoa, akaifuja mali yake, kisha akamtupa. Anapomsaidia Maimuna kutoroka anamfungulia mlango binti aliyefungiwa, na papo hapo anamchoma Maksuudi mahali panapouma zaidi. Ni huruma au ni kisasi? Tulibishana mpaka kengele ikalia na bado tukaendelea njiani. Wavulana walisema kisasi. Wasichana walisema mtu anaweza kuwa na vyote viwili na bado binti akawa ameokoka. Mwongozo ulikuwa umemaliza habari zake kwa mstari mmoja.

Miaka ikapita, nikawa mwalimu wa Kiswahili mwenyewe katika kaunti yetu. Zamu yangu ilikuja na Kidagaa Kimemwozea ya Ken Walibora, iliyoanza kutahiniwa katika KCSE ya 2013. Ilitufikia wakati mgumu. Kuanzia Agosti 2012 Waorma, ambao ni wafugaji, na Wapokomo walikuwa wameuana katika delta ya Tana, kusini mwetu. Waliokufa walipita 100, watoto wakiwemo. Watu walitaja maji na malisho, na uchaguzi uliokuwa ukikaribia ulichochea zaidi. Darasani nilikuwa na watoto wa wafugaji na wachache wa wakulima, na kila upande ulikuwa na ndugu wa kumlilia.

Wanaoijua riwaya watakumbuka kwamba Amani anachunga ng'ombe wa Mtemi Nasaba Bora. Watoto wa wafugaji walimchukua siku ya kwanza: huyu ni wetu. Tulipofika mahali inapofichuka kwamba ardhi anayojivunia Mtemi ilikuwa ya babu yake Amani, na kwamba ilinyakuliwa kwa hila na damu, watoto wa wakulima nao wakamdai: aliyenyang'anywa shamba ni wetu. Sikuamua kesi hiyo. Niliandika ubaoni maswali matatu: anataka nini, anaogopa nini, nani ana uwezo wa kumnyima? Tukayajibu kwa Amani, kisha kwa Mtemi mwenyewe. Mvulana mmoja wa Kotile aliandika kwamba Mtemi haogopi watu wa Sokomoko anaowatawala, anaogopa karatasi alizozificha kabatini mwake. Binti mmoja wa wakulima akamsomea jirani yake, mtoto wa wafugaji, sentensi hiyo. Baada ya hapo walianza kukaa dawati moja.

Kuna waliohofia kwamba kumsoma Mtemi hivyo ni kumsamehe. Sikubaliani nao. Hatia yake inabaki pale pale. Kinachoongezeka ni kwamba sasa unajua ilivyoanza, na unaweza kuitambua ikianza tena mahali pengine.

Baada ya shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa la Aprili 2, 2015, ambapo watu 148 waliuawa, walimu wengi waliotoka kaunti nyingine waliondoka. Siwalaumu. Madarasa yaliunganishwa, na sisi tuliobaki tulifundisha tulichoweza. Hapo ndipo filamu ziliponisaidia. Vijana walikuwa nazo kwenye simu na walizijadili bila kulazimishwa. Nikawapa maswali yale yale matatu.

Katika Black Hawk Down ya 2001 hayakujibika: Wasomali ni umati wenye bunduki, unakimbia na kuanguka. Katika Captain Phillips ya 2013 yalijibika. Barkhad Abdi, mzaliwa wa Mogadishu aliyekulia Yemen na Minnesota, anamwigiza Muse, haramia ambaye nchi kavu wako wakubwa wanaongojea fedha. Kurudi mikono mitupu hawezi, kuendelea ni kifo. Uigizaji huo ulimpa Abdi tuzo ya BAFTA. Vijana wangu hawakumtetea Muse hata kidogo, lakini waliweza kueleza kila hatua yake.

Filamu iliyonishinda nguvu ni The Gravedigger's Wife ya 2021, ya Khadar Ayderus Ahmed, kwa Kisomali, iliyopata tuzo kuu ya tamasha la filamu la FESPACO mwaka huo. Guled ni mchimba makaburi. Mkewe Nasra anaugua figo na fedha za upasuaji hazipo. Guled anakwenda kwa miguu hadi kijijini kwao kuomba msaada kwa watu ambao hawajasahau kutoroka kwake na Nasra. Niliuliza darasa: mpinzani ni nani? Walinyamaza muda mrefu. Halafu mmoja akasema, mwalimu, ni umbali. Mtoto wa Kotile ndiye anayeweza kutoa jibu hilo.

Watahiniwa wa mwisho wa mfumo wa 8-4-4 watafanya KCSE mwaka 2027. Katika mtaala mpya, Fasihi ya Kiswahili kwenye sekondari ya juu ni somo la kuchagua. Nawaomba wazazi na walimu wa pande zote mbili za Tana msiwaache watoto walikwepe kwa sababu halina ajira. Na wewe kijana uliyelelewa kando ya malka, bado sijasoma riwaya ya Kiswahili yenye mfugaji na mkulima wa Tana ambao wote wawili wana haki na wote wawili wana hofu. Iandike.