Kwenda Iringa na Miwani Mpya

Daktari wa macho alinieleza kwa maneno machache jambo lililonisumbua tangu sekondari. Jicho langu limerefuka kidogo kwenda nyuma, kwa hiyo taswira ya kitu cha mbali inaangukia mbele ya retina badala ya kuangukia juu yake. Lenzi iliyobonyea katikati huisogeza taswira hiyo hadi mahali pake. "Utaona vizuri," aliniambia, "ila jipe muda wa kuizoea." Safari ya kwanza niliyosafiri nikiwa nimevaa miwani hiyo ilikuwa ya kwenda Iringa kumwona shangazi.

Kituo cha Magufuli pale Mbezi Luis alfajiri kina purukushani zake: mizigo, wapiga debe, mabasi yaliyopangana huku injini zinanguruma. Zamani ilinibidi nilisogelee basi mpaka karibu nilishike ndipo nisome linakokwenda. Safari hii nilisoma vibao nikiwa bado getini, na hakuna aliyenishika mkono kunipeleka kwenye basi lisilo langu. Usumbufu ulikuwa miguuni. Lenzi za mtu asiyeona mbali hupunguza ukubwa wa vitu, na kwa aliyezianza karibuni, ardhi huonekana iko chini zaidi ya ilivyo. Kila ngazi niliishuka kwa kuipapasa kwanza kwa unyayo.

Kabla hatujamaliza Kibaha, jasho lilikuwa limeanza kuishusha miwani puani. Naipandisha, inateremka, naipandisha tena, inateremka tena. Fremu nyingi zinazouzwa madukani zimechongwa kwa ajili ya pua nyembamba iliyoinuka, na pua zetu wengi haziko hivyo. Fremu yenye vishikio vidogo vya pua vinavyoweza kukunjwa na fundi inatufaa zaidi kuliko ile iliyomiminwa kipande kimoja. Anayekwenda kununua miwani na aliulize hilo dukani kabla ya kuuliza rangi.

Msamvu, Morogoro, tuliposhuka kunyoosha miguu, dunia ilitoweka ghafla. Kiyoyozi cha basi kilikuwa kimezipoza lenzi, na hewa ya nje yenye joto na unyevu ilipozigusa, ukungu ukatanda juu yake. Nilisikia tu sauti: "Dada, maji ya baridi! Korosho, dada!" Nilisimama pembeni ya mlango mpaka lenzi zikapata joto na ukungu ukaondoka wenyewe. Kuufuta hakusaidii sana, maana lenzi ikiwa bado ya baridi, ukungu hurudi papo hapo.

Kisha tukaingia Mikumi. Barabara kuu inakatiza ndani ya hifadhi hiyo, iliyoanzishwa mwaka 1964, kwa takriban kilomita 50, na abiria yeyote wa njia ya Iringa anaona wanyama bila kulipa kiingilio. Nilikuwa nimeipita barabara hii mara nyingi. Wenzangu wakipaza sauti, "Twiga wale!" nilikuwa nikitazama kule vidole vinakoelekea, nikiona manyasi na vivuli. Safari hii nilimwona twiga akipepesa masikio. Niliwaona nyati, na juu ya mgongo wa mmoja wao ndege aina ya shashi wakitembea wakidonoa kupe. Nilisoma hata kibao cha faini kwa dereva anayegonga mnyama. Furaha iliyonijaa siwezi kuipunguza kwa maneno.

Furaha hiyo ilinifanya niwatazame abiria wenzangu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu wasiopungua bilioni 2.2 wana tatizo la kuona karibu au mbali, na kwamba angalau bilioni 1 kati yao tatizo lao lingeweza kuzuilika au bado halijashughulikiwa. Ndani ya basi lile bila shaka walikuwamo waliogeuza shingo kumtazama twiga na wasimwone, na wakanyamaza kama nilivyokuwa nikinyamaza mimi.

Tulipita joto na vitunguu vya Ruaha Mbuyuni, tukaanza kupanda Kitonga. Pale barabara imekatwa ubavuni mwa mlima, korongo liko upande mmoja, na malori ya Tunduma yanapanda mwendo wa kobe. Nilikuwa nimeivua miwani niipanguse vumbi kwa pindo la khanga. Lori la mbele likasita, dereva wetu akafunga breki, miwani ikaruka kutoka mapajani.

Hapo ndipo nilipoielewa adha halisi ya miwani. Anayeipoteza ndiye asiyeweza kuitafuta. Sakafu yote ilikuwa kiza kimoja cha viatu na mifuko.

"Samahani mama, miwani yangu imeanguka," nilimwambia niliyeketi naye.

"Tulia mwanangu, usiinuke," akanijibu, akanishika bega, akamwita konda.

Konda hakuuliza maswali. "Jamani, kuna mwenzetu kaangusha miwani! Kila mtu atulize miguu, msikanyage!" Basi zima likatulia. Kwa kuwa tulikuwa tunapanda, chochote kilichoanguka kiliteleza kwenda nyuma, na kijana wa viti vya mwisho akamulika kwa tochi ya simu. "Hii hapa, dada!" Ikaletwa mkono kwa mkono, imejaa alama za vidole, mkono wa kulia wa fremu umechomoka na skrubu haipo. Niliishikilia usoni kwa kiganja mpaka Iringa.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Mbona umeshika uso, unaumwa?"

Kesho yake alinipeleka kwa fundi saa wa karibu na soko. Mzee yule alibana kioo cha kukuza kwenye jicho moja, akamwaga skrubu za fremu kuukuu kwenye kifuniko cha kopo, akazijaribu kwa kibano mpaka moja ikakubali. Alipoikaza, aliidondoshea tone la rangi ya kucha juu ya kichwa chake. "Hizi hulegezwa na mtikisiko," alisema. "Rangi inaishika." Akaniagiza niivue kwa mikono miwili, maana mkono mmoja huipinda, na nisiipanguse ikiwa na vumbi kabla ya kuisuuza kwa maji, kwa sababu vumbi hukwaruza lenzi za plastiki.

Sasa miwani yangu ina kamba ya shingoni, na ina kikasha chekundu chenye namba yangu ya simu ndani. Kamba inanisaidia mimi, lakini kikasha nimekichagua kwa ajili ya watu wengine, kwani wao ndio watakaokiona kikipotea. Na wewe mwenye macho mazima, nakuomba: ukimwona mtu anapapasa kitini au sakafuni, usipite haraka. Tuliza mguu wako hapo ulipo, waambie na wa karibu wafanye hivyo, kisha muulize anatafuta nini.